Tabaga ya Kadijah

Karibuni mkae, wenzangu, ingawa leo sina kicheko.

Kadijah wa hapa Arua ni msusi wa tabaga, yale makawa ya ukindu wa rangi ya kufunikia chakula. Siku hizi macho yake yana ukungu, hasuki tena. Tabaga yake ya mwisho, kubwa kuliko zote, alimwekea bintiye Rehemah, maana kwao bibi arusi hapeleki chakula kwa wakwe bila tabaga ya mkono wa mama yake.

Basi jirani yake Shamim akaja kuiazima, ana matanga Koboko. Mfiwa unamnyimaje? Akapewa. Haikurudi.

"Shamim, binti yangu, tabaga iko wapi?"

"Samubadi alichukua, Mama."

"Samubadi nani?"

"Mimi hapana jua. Watu ilikuwa mingi. Samubadi tu."

Neno la Kizungu hilo, maana yake 'mtu fulani'! Tumelipokea kama mgeni, tukalipatia na kiti. Bomba likivunjika, samubadi. Kuku akipotea, samubadi. Hana mama, hana nyumba, lakini anavyokula! Na majirani wakamwambia Kadijah asahau, asiharibu ujirani. Aliyeibiwa ndiye anayeombwa awe mpole!

Harusi ya Rehemah ikakaribia, tabaga hakuna. Ijumaa, Shamim akapata wageni, wamekuja kumposa mdogo wake. Kadijah akaenda kusaidia kupika, kwa kuwa jirani ni jirani. Akapewa sinia la pilau lililofunikwa, apeleke sebuleni. Vidole vyake vikagusa ukingo wa kawa. Ukingo wake yeye hukunjwa kurudi nyuma, kama mama yake alivyomfundisha. Wasusi wengine wa mtaa ule hukunja kwenda mbele. Macho ya nini tena?

Aliingia, akatua sinia mbele ya wageni, akainua tabaga, akaikung'uta, akaitia kwapani. Nzi wakashukia pilau.

"Mama! Unafanya nini? Wageni hii!"

"Mimi hapana fanya kitu. Samubadi nachukua tabaga yake."

Mzee mmoja wa wageni akauliza, "Kwani hii ya nani?" Shamim akatazama mkeka.

Jioni Rehemah alirudi kutoka sokoni amenuna. "Mama, wanasema umekosa adabu."

"Nani nasema?"

Rehemah akawataja wote, mmoja mmoja.

Kadijah alikuwa anapangusa tabaga kwa kitambaa kibichi. "Unaona?" akasema. "Leo majina iko."