Chai ya Kikao

Kila asubuhi, kabla ya kufunga chupa ya chai, Nasma alidondosha tone kiganjani akalilamba. Ndivyo alivyofundishwa na bibi yake, Bi Kuruthumu wa Ujiji: mgeni akiomba sukari, aibu ni ya mpishi. Hata alipohamia bwenini, pale chuo kikuu kilipo mlimani juu ya ziwa, mkono haukuacha desturi hiyo.

Wasichana wa bweni walimchagua awe mwakilishi wao kwa jambo moja tu: milango ya bafu. Mabafu yao yako nje, hayana milango. Ukienda kuoga, mwenzako anakushikia kanga mlangoni. Upepo wa ziwa ukivuma kanga inapepea, na njia ya wavulana inapita palepale.

"Nasma, utusitiri," Evaline, mwenzake wa chumba, alimwambia siku ya kura.

Kwenye kikao cha serikali ya wanafunzi alikuwa msichana peke yake. Siku ya kwanza hakuna aliyemtuma. Aliona vikombe vitupu, akainuka, akamimina.

"Huyu ndiye mtoto wa Ujiji!" akasema Rodgers, mwenyekiti. Tangu hapo chai ikawa yake, kupika na kumimina.

Siku aliyopanga kutoa hoja ya milango, Rodgers alimgeukia. "Dada, maandazi yamebaki jikoni. Tuletee, ndio tuingie kwenye mambo yako."

Nasma akaenda. Aliporudi na sinia, wao walikuwa wameshafika kwenye mashindano ya mpira. Angeweza kusema, ngojeni kwanza. Akagawa maandazi, la kwanza kwa mwenyekiti.

Bwenini wakamzunguka. "Wamesemaje?"

"Wanashughulikia."

Evaline akamkumbatia. Nasma akatazama sakafu.

Jumamosi, wakiwa kwenye foleni ya bomba, akapita Pastory, katibu wa kikao. "Shikamooni wapiga kura! Mwakilishi wenu mnamjua lakini? Anagawa maandazi bila upendeleo!"

"Na milango?" Evaline akauliza.

"Milango gani?" Utani ulikuwa umemtoka. "Mbona hatujasikia habari ya milango?"

Hakuna aliyemtukana Nasma. Walisogeza ndoo zao tu, kila mtu yake.

Jioni alipokwenda kuoga, Evaline alikuja bila kuitwa, akamshikia kanga, uso kaugeuzia ziwani. Upepo ukavuma, Evaline akaikaza kwa mikono miwili. Nasma akaoga upesiupesi, sabuni machoni, akatamani Evaline angeiachia tu.

Kikao kilichofuata alimimina kama kawaida, kisha hakukaa. "Mwenyekiti, ile milango ya..."

Rodgers alikuwa amepiga funda la kwanza. Akakunja uso. "Nasma! Leo umetuonea. Chai haina sukari hata chembe!"

Wakacheka wote. Asubuhi ile alikuwa amesahau kuonja. Uso ukamwaka, na neno la milango likarudi tumboni. Ndipo akajiona: sukari imemchoma kuliko wenzake walivyomchoma kwa siku zote zile. Aibu ya foleni ya bomba haikufika hata nusu ya hii.

"Kimbia dukani basi, dada. Tunakungoja."

"Haya."

Akaiacha chupa mezani, haijafungwa, akatoka. Duka akalipita bila kugeuza shingo, akashika njia ya mabafuni, huku akiivua kanga yake begani, akawashikie wenzake wanaooga. Kule kikaoni hakurudi tena.