Chatu wa Chemchemi

Kaa kwanza, hii usiisikilize umesimama. Jumapili tulivuka kwenda Ukerewe kutembea, tukapelekwa kwenye chemchemi nje ya Nansio, maji masafi mpaka unaona mchanga chini. Mama mmoja anachota, na hatua tatu pembeni yake amelala chatu, mnene kama paja langu! Hata shikamoo nilisahau, nikaokota jiwe.

“Weka chini, mwanangu! Ukimuua huyo, maji yanakauka.”

“Mama, si ukachote ziwani?”

Akanionesha mkono wa kushoto. Hauna kiganja.

“Ziwani kuna mamba. Huyu tunajuana.”

Akajaza kikombe, akaninyooshea. “Haya, mgeni, kunywa.”

Chatu akainua kichwa. Kukataa maji ya mama wa watu naona aibu, miguu nayo inataka kukimbia. Ungekuwa wewe, ungekunywa?