Silabi Iliyomrudisha Zuhura

Usiku wa kuamkia siku ya kupandisha tangazo jipya kwenye nguzo ya machimbo, Zuhura alikuja kunikaba koo.

Zuhura alikuwa shoga yangu tangu utotoni. Aliponda kokoto kwenye machimbo ya chokaa ambako mimi ni karani. Mwaka jana, mlipuko ulipotulia, alidhani mambo yamekwisha, akarudi shimoni kuchukua vitu vyake. Baruti moja ilikuwa imechelewa kulipuka. Tulimzika bila kuonyeshwa uso wake.

Ndiyo maana wakubwa waliamua kuweka tangazo la kompyuta badala ya filimbi. Kazi nikapewa mimi: niandike maneno, kompyuta iyasome kwa sauti ya mwanamke, kisha faili liingizwe kwenye kipaza sauti cha nguzoni. Maneno yenyewe yalikuwa, "Msirudi shimoni mpaka mtakaposikia king'ora."

"Lifanye dogo," aliniambia Bwana Kessy, msimamizi wetu. "Kile kifaa hakibebi mzigo mkubwa."

Nikachagua MP3 ya ubora wa chini kabisa, nikaweka alama palipoandikwa "ondoa ukimya mwanzoni na mwishoni." Kwenye hedifoni lilisikika vizuri tu. Nikaenda nyumbani, nikalala.

Nilijiona jikoni kwetu, nakuna nazi. Mlango ukapigwa teke, akaingia Zuhura. Kanga yake imejaa vumbi jeupe, na upande mmoja wa kichwa chake haupo.

"Karibu, shoga," nikasema, kana kwamba ametoka dukani.

Alinishika koo kwa mkono ule ule wa kupondea mawe, akaniburuta. Ukuta wa jikoni ukawa ukuta wa machimbo. Jua linachoma. Niko chini ya nguzo, magoti yanatoka damu, na Zuhura amenikandamiza kichwa kwenye chuma.

"Sikiliza," anasema.

Ardhi inapasuka. Mawe yanaruka juu yetu, yanaangukia mgongo wangu, nasikia mbavu zikivunjika. Pale juu, mbali na shimo, wanawake wa kokoto wamesimama salama. Nawajua wote. Mama yake Zuhura yumo. Kisha kipaza sauti kinaamka, na ile sauti niliyoichagua mimi, tulivu, yenye heshima, inasema:

"...rudi shimoni mpaka mtakaposikia king'ora."

Wanateremka. Napiga kelele "Msirudi!" lakini vidole vya Zuhura vimenibana, na kinywani mwangu inatoka "rudi" tu. Rudi, rudi. Mama yake anateremka mbele ya wenzake. Baruti iliyochelewa inalipuka. Mkono wenye bangili unaanguka mbele yangu, vidole bado vinakunjakunja.

Zuhura ananizaba kofi, mdomo unajaa damu. Natazama juu: wanawake wamesimama tena, wazima. Sauti inasema tena. Wanateremka tena. Kila mara mama yake ndiye wa mbele, na kila mara Zuhura ananipiga kwa nguvu zaidi, huku analia.

Nikamwuma mkono mpaka nikafika mfupani. Akaniachia.

"Unataka nifanye nini?"

Akaniinamia. Ananuka baruti.

"Iache ile sauti ivute pumzi kwanza, shoga. Yule ni mama yangu."

Niliamka Hamisi, mume wangu, amenikamata mikono. Nilikuwa napiga ukuta, ngozi ya vidole imechubuka. "Ulikuwa unasema rudi, rudi," akaniambia. "Nani arudi?"

Asubuhi nilimwomba Bwana Kessy tulijaribu tangazo kabla ya kazi, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na kulipua. Alinung'unika, lakini mikono yangu aliiona, akakubali. Mama yake Zuhura alikuwa amekaa kwenye karai lake, anasubiri wenzake. Kipaza sauti kikakwaruza, kikachelewa kidogo kuamka. Kikasema:

"...rudi shimoni mpaka mtakaposikia king'ora."

Mama akainuka. Akajifunga kanga vizuri, akaanza kuteremka.

Nilimkimbilia, nikamkumbatia kwa nyuma kwa nguvu hata akashtuka.

"Vipi, mwanangu? Si imesema turudi?"

Bwana Kessy alizima kifaa mwenyewe. Tulirudi ofisini pamoja, nikatoa ile alama, nikaweka ukimya mbele ya neno la kwanza ili kipaza sauti kiamke kabla halijasemwa, nikapandisha ubora wa sauti, faili likawa kubwa. Yeye akafuta vitu vingine kwenye kifaa mpaka likapata nafasi.

Tulipojaribu tena, nilisimama karibu na yule mama. Nguzo ikakwaruza. Ikanyamaza. Kisha ikasema, silabi zote zimetimia: "Msirudi shimoni."

Mama akakaa.