Mikunjo ya Jerusha

Caren alipofika na rula yake ya chuma, Jerusha alikuwa ameshakunja karatasi kwa miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha uchapaji cha Levis, mjini Homa Bay. Alikandamiza mikunjo kwa mfupa wa ubavu wa ng'ombe. Marehemu mumewe aliununua kwa mchinjaji wa Ogwedhi, akausugua juu ya jiwe mpaka ukawa laini kama kipande cha sabuni. Vitabu vya nyimbo vya nusu ya makanisa ya pwani hii ya ziwa vilipita chini ya mfupa huo, na hakuna hata kimoja kilichomtaja aliyekikunja.

Kwa Jerusha, majina ya vitabu yalikuwa majina ya mikunjo. Ukiikunja karatasi kubwa mara moja, hiyo ni folio. Ukiikunja mara ya pili ni kwarto: majani manne, kurasa nane. Mara ya tatu, oktavo. Ukubwa wa kitabu ulitegemea karatasi uliyoanza nayo, basi.

"Lakini kwarto ni inchi nane kwa kumi, mama," Caren alisema siku yake ya kwanza, rula mkononi. "Hata dukani ukiomba karatasi ya taipu ya kwarto, ndiyo hiyo unayopewa."

Hakusema uongo. Makarani wote wa mji huu waliita karatasi hiyo hivyo. Wangwe, mwendesha mashine, akapiga kelele kutoka upande wa pili, akimwita Jerusha kwa jina la mwanawe: "Yawa, Min Bravin! Leo umewekwa darasani!"

Jerusha hakucheka. Tangu siku hiyo, kila kitu cha msichana huyo kilimchoma: viatu vyake, cheti chake cha Nairobi kilichotundikwa ukutani kando ya kalenda, hata namna alivyoimba kwa pua akifanya kazi. Levis alianza kumwuliza Caren kwanza. Akampa kikombe cha udongo chenye ua, ambacho kwa miaka yote hiyo kilikuwa cha wageni, huku Jerusha akiendelea kunywea cha bati. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki wa ngege.

Ndipo ikaja kazi ya akina mama wa Magunga, kitabu cha nyimbo cha kwarto, nakala mia tano, kila nakala karatasi moja. Levis alisimama mlangoni akasema, "Chumba hiki kinahitaji msimamizi. Nitaangalia hii kazi, halafu nitachagua. Caren, wewe panga kurasa. Min Bravin, utakunja."

Kwa kawaida Jerusha alikunja kwanza karatasi tupu, akaandika namba za kurasa kwa penseli, kisha akaikunjua. Namba zilitawanyika: moja imeketi kando ya nane, nne na tano zimesimama kichwa chini. Karatasi hiyo ndiyo iliyomwongoza mpangaji. Safari hii aliikunja, akaiandika, akaitia mfukoni mwa aproni.

Caren alipanga moja, mbili, tatu, nne, zote zimesimama wima kama wanafunzi kwenye foleni.

"Mama, iko sawa?" aliuliza.

Jerusha alitazama mara moja tu, akaona kosa lote.

"Mwenye cheti ni wewe, nyathina, mwanangu," alisema. Akaenda kunywa chai.

Wangwe akawasha mashine. Karatasi mia tano zikachapwa upande mmoja. Mlio ule Jerusha aliupenda kuliko wimbo wowote siku hiyo.

Asubuhi yake Levis alichukua karatasi ya juu, akaikunja mara mbili. Kichwa cha ukurasa wa kwanza kilielekea dari, cha tatu kikaelekea sakafu. Akaikunja upya. Karatasi zile zilinunuliwa kwa michango ya wanawake wauza omena, dagaa wa ziwani.

"Nani?" aliuliza.

Caren alisimama. "Ni mimi, mkubwa. Nilidhani tutazikata, sikujua zinakunjwa. Mama Jerusha hana kosa lolote."

Hapo ndipo Jerusha alipoumia kuliko siku zote. Msichana amemshinda kwa cheti, kwa kikombe, sasa anataka kumshinda hata kwa ukweli! Hilo hakuweza kulimeza. Akaingiza mkono mfukoni, akaitupa karatasi yenye penseli mezani.

"Ana kosa gani huyu? Mimi niliona," alisema. "Jana. Kabla mashine haijawashwa."

Levis aliikunja ile karatasi ya penseli. Namba zikajipanga, moja hadi nane.

"Asiyejua atafundishwa," alisema. "Wewe ulijua, Min Bravin." Akamgeukia Caren. "Msimamizi ni wewe; funguo za chumba utakaa nazo. Na huyu mama atakufundisha, kuanzia sasa hivi."

Wangwe akarudi kwenye mashine yake.

Jerusha alivuta karatasi iliyoharibika, akaikunja taratibu ili msichana aone. Mkunjo wa kwanza. Wa pili. Akaeleza kwa nini moja huketi na nane. Caren alifuata, mikunjo yake imelegea.

"Mama, niazime huo mfupa kidogo."

Jerusha aliufuta mfupa kwa aproni, akautia mfukoni.

"Tumia ukucha," alisema.