Vipimo vya Afande

Daftari langu la vipimo lina kurasa za watu wengi waliokwisha kufa, na sijawahi kuchana hata moja. Cherehani yangu iko Mchafukoge, ghorofa ya chini, mlango unatazama msururu wa mikokoteni inayoingia Kariakoo, na nimeshona hapo tangu nikiwa na nywele. Kurasa nne za daftari hilo ni za mteja mmoja. Alianza akiwa kapteni, mhandisi wa jeshi, mtu wa madaraja na barabara za porini. Akawa meja, akawa kanali, akawa brigedia, kisha akavua magwanda na kukalia kiti kikubwa cha mambo ya ulinzi, ambako anayetaka kumwona huandika barua kwanza. Kila alipopanda alikuja kushona suti. Kifua chake kiliongezeka inchi moja kwa kila cheo. Kiuno ndicho kilichokwenda mbio.

Gari lake likisimama, wenye maduka wenzangu walitoka nje kunitazama mimi, si yeye. Walidhani nina bahati. Sikuwaambia kwamba mtu huyu ninayepiga magoti mbele yake kupima suruali ndiye aliyemleta mdogo wangu nyumbani ndani ya sanduku.

Mdogo wangu alikuwa askari wa kikosi chake. Walikuwa wakijenga daraja la muda huko kusini, mto ukafurika, tukaletewa habari kwamba amekufa maji. Siku ya sita lori lilisimama mbele ya nyumba yetu Magomeni, kapteni akashuka, kijana mwembamba wa Kilimanjaro, kofia mkononi. Sanduku lilikuwa limepigiliwa misumari na kuzungushiwa mkanda wa bati. Mama yangu hakulia. Aliomba kitu kimoja tu, afunuliwe uso wa mwanawe.

Kapteni alipiga goti mbele yake. "Ameoshwa, mama, amekafiniwa, na wenzake Waislamu wamemswalia," alisema. "Amekaa majini siku nyingi. Nakuomba umkumbuke alivyokuwa."

Sheikh wa mtaa alisema kama ni hivyo hakuna haja ya kumfunua. Wachimbaji wakapanua kaburi, maana sanduku haliingii kwenye mwanandani, kile kishimo chembamba cha ndani ya kaburi, tukamzika makaburi ya mjini. Mimi nilibeba upande wa kichwa.

Mwaka uliofuata kapteni alikuja dukani na kitambaa cha kijivu. Nilimpokea vizuri, niliona ni uungwana mkubwa kutotusahau. Kila Ramadhani alimpelekea mama tende na sukari, na mama alimwombea dua. Mungu amlinde kapteni wangu, alisema, hata alipokuwa brigedia. Nami kila mwaka, siku chache kabla ya kufunga, nilikwenda kung'oa majani kaburini, nikakaa, nikasoma Yasini. Kibao cha mdogo wangu nimekibadilisha mara tatu kwa sababu ya mchwa.

Mwaka jana mama aliacha kutoka kitandani. Alikuwa amepungua hadi magauni yake niliyapunguza mara mbili. Akili ilikuwa sawa, ila ilikuwa na jambo moja tu. Alitaka azikwe kwenye kaburi la mwanawe. Si jambo la ajabu hapa mjini. Makaburi yale yamejaa zamani; anayetaka kulala pale hufukuliwa kaburi la ndugu yake wa siku nyingi, mifupa ikasogezwa pembeni kwa heshima, naye akawekwa. Alisema hakumwona uso, basi angalau awekwe karibu naye. Akaniapisha.

Wiki hiyo hiyo afande, yule kapteni wa zamani, alikuja kupimwa. Alikuwa anastaafu na kulikuwa na hafla. Nilikuwa nimemzungushia futi kifuani huku nikimpa habari za mama, kama ninavyompa kila mara, na nilipofika kwenye suala la kaburi futi ikalegea mkononi mwangu. Alikuwa ametoa pumzi yote na hakuvuta nyingine.

Kesho yake alipiga simu kusema amepata sehemu nzuri ya kuzikia nje ya mji, kuna nafasi, kuna ukuta, na yeye atashughulikia kila kitu. Nilimshukuru, nikakataa. Akapiga tena, akasema makaburi ya mjini huenda yakafungwa, ila anaweza kuzungumza na watu. Hapo nilikasirika. Nilimwambia ana amri juu ya mizinga na maghala, lakini si juu ya mahali mama yangu atakapolala.

Alikuja mwenyewe Ijumaa, nilipotoka msikitini, bila dereva. Akaniomba nifunge mlango.

Alieleza amesimama, mikono ubavuni, kama anayetoa ripoti. Daraja lilikuwa na pini moja iliyolegea. Sajini wake alimshauri wasubiri mto upungue. Yeye alikuwa amewaahidi wakubwa kwamba magari yatavuka siku ile, akamwamuru mdogo wangu ashuke akaikaze. Kamba ilikatika. Walimtafuta siku nne na hawakupata hata kiatu. Kwenye ripoti aliandika kwamba mwili umepatikana, kwa sababu askari aliyepotea huletewa uchunguzi, na aliyekufa maji huletewa sanduku tu. Sanduku likahitaji uzito. Stoo ya daraja ilikuwa na saruji.

"Mfuko mmoja," alisema. "Niliufunga kwenye blanketi mimi mwenyewe."

"Kwa nini si mchanga?" Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoka kwanza.

"Ndio uliokuwa karibu, fundi. Nilijua utaganda. Nilijua, na nikapigilia misumari."

Nikamuuliza kama alimwogopea mama au alikiogopea cheo.

"Cheo," alisema.

Mkasi mkubwa ulikuwa mezani kati yetu. Niliutazama, naye akaniona nikiutazama, na hakusogea. Nilimchukia kwa hilo pia. Miaka thelathini nilikuwa nasoma Yasini juu ya saruji, na huku nampigia magoti mtu huyu nikimshona apendeze. Nilimwambia atoke.

Alasiri hiyo nilikwenda Magomeni nikiwa nimeazimia kumwambia mama. Nilijiambia ni haki yake, na kwamba nyumba yetu imeshiba uongo. Alikuwa macho. Aliuliza kama nimekwenda kuliangalia kaburi, kama halijadidimia, kama kweli mwanawe yupo pale. Alinishika kidole kimoja, hakuwa na nguvu ya kushika mkono mzima.

"Yupo, mama," nikasema. "Ameoshwa, amekafiniwa, ameswaliwa."

Sikuyatafuta maneno hayo. Yalikuja yenyewe, kama yalivyosemwa mlangoni kwetu miaka ile. Mama alisema alhamdulillahi, akaniombea dua ndefu. Alikufa Jumanne.

Nilimpigia afande simu moja, nikamtajia saa. Asubuhi alikuwa makaburini kabla yangu, amevaa shati la kawaida, ameshika jembe, na wachimbaji wawili wamekaa pembeni hawajui wamfanye nini. Alichimba mwenyewe. Mtu wa miaka sitini na kitu, anahema, mgongo umelowa, lakini kuta za shimo zilinyooka, ufundi haukumtoka. Mbao za sanduku zilikuwa zimeliwa zote. Mkanda wa bati ulibaki kutu. Chini yake kilikaa kile kitu, kijivu, umbo la mfuko, na kona zake zote nne. Nilishuka. Pale mfuko ulipokuwa umeshonwa mdomo, mshono ulikuwa umejichora kwenye saruji, tundu baada ya tundu, wazi kabisa. Miaka yote hiyo nashona, na huku chini kulikuwa na mshono huo. Nilikaa kwenye udongo nikalia kwa mara ya kwanza tangu mdogo wangu afe.

Mchimbaji mmoja aliuliza kitu kile ni nini. Afande alitaka kukivunja kwa sururu, nikamkataza. Wachimbaji walikivuta juu kwa kamba, na nilipomwambia afande akibebe kilivyo, kwa kuwa ni chake, alikikumbatia kifuani akaenda nacho hadi kwenye gari, akisimama kila hatua chache. Hakuna aliyemsaidia.

Adhuhuri tulimzika mama. Alilala kwenye mwanandani peke yake, uso umeelekea kibla. Watu walipotawanyika afande alikuwa bado amesimama nje ya ukuta, na wajomba zangu walikuwa getini wananisubiri. Mchimbaji akanijia na kibao cha mdogo wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kirudishwe au kitupwe, maana ameona alichokiona.

Nilitazama getini, nikatazama ukutani. Kisha nikakichukua kibao, nikakichomeka kwenye udongo mbichi karibu na kichwa cha mama, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikasimama wima.