Kalamu Iliyotupa Mbegu

Marehemu babu yangu alitupa mbegu za mpunga mtoni mara moja tu, na aliyemtupisha ni mimi, kwa kalamu, miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya misheni, kijiji kimoja cha ukingoni mwa Mto Tana, si mbali na Garsen. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha ualimu na viatu vya kamba, cheti, na kichwa kilichojaa hadithi za mapenzi. Chuoni tulipokezana vitabu vya wasichana wanaookolewa kwenye majumba yanayoungua na meli zinazozama, na kila aliyeokolewa aliolewa kanisani ukurasa wa mwisho. Nikajiuliza, sisi tumekosa nini? Meli hatuna, majumba hatuna, lakini mafuriko tunayo tele.

Kwetu mto ukipanda kidogo ni neema, maana unaacha tope la kulimia. Ukipanda sana, unahamia nyumbani kwako. Kulikuwa na mafuriko makubwa ya zamani, ya siku misheni ilipokuwa bado changa, ambayo wazee waliyatumia kuhesabia umri wao. Katika mafuriko hayo bibi yangu, akiwa msichana, alikwama juu ya mkuyu, na babu, kijana aliyekuwa bado anafundishwa ubatizo, akamtoa kwa mtumbwi, siku zile alizokuwa akiokoa mbegu za ukoo. Hilo ukoo mzima ulilijua. Mengine sikumwuliza mtu. Nilidhani kazi ya mwandishi ni kujua.

Nilinunua madaftari matatu kwenye duka moja karibu na kivuko cha Garsen, nikayajaza yote. Palikuwa na sala, palikuwa na nyimbo, na palikuwa na ukurasa mmoja nilioupenda kuliko yote. Kijana anafika mtini jua likizama. Mtumbwi umejaa, ndani mna kanda kubwa la ukindu lenye mbegu za mpunga, na nafasi ya msichana hakuna. Anamtazama msichana, analitazama kanda, kisha analisukuma majini bila kusita. “Mbegu zitapatikana,” anasema, “wewe hutapatikana tena.” Halafu anapanda mtini, wanakesha pamoja wakimwomba Mungu. Nililia machozi ya kweli nilipoandika maneno yale. Nikafuta machozi, nikaongeza alama ya mshangao.

Mchungaji wetu alikisoma kitabu changu akakipenda. Neno lake lilikuwa moja tu: kijana na msichana hawawezi kukaa mti mmoja usiku kucha bila mtu wa tatu. Nikaongeza shangazi. Mkuyu ukambeba, na mchungaji akaridhika. Akasema kitabu kitasomwa kanisani siku ya sikukuu ya mavuno, watakapokuja watu wa vijiji vyote, hata wale wa mbali, wa Ndera. Ila kwa kuwa kila mtu atajua ni hadithi ya nani, lazima bibi akubali kwanza. Akaniambia niwasomee akina mama siku ya Jumatano, wakati wanasuka mikeka, bibi akiwamo.

Nikasoma kwa madaha yote niliyofundishwa chuoni. Walinisikiliza vizuri. Mama mmoja alinisahihisha kwamba maji ya Tana hayaingii mlangoni, huchipuka sakafuni kwanza, na wenzake wakaitikia. Nikafika kwenye kanda.

“Amefanya nini?” akauliza mama yule, ukindu ukiwa umesimama mkononi.

“Amelitupa.”

“Mbegu?”

“Kwa ajili ya mapenzi, mama.”

“Mbegu za ukoo mzima?” Akawageukia wenzake. “Basi huyo bibi arusi wake atampikia nini? Mapenzi?”

Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya mikeka. Harusi yangu nzuri ya ukurasa wa mwisho, yenye kengele na shela, hakuna aliyeisikia. Bibi peke yake hakucheka. Alikunja mkeka wake ambao haujaisha, akaondoka bila kuaga.

Bibi alikuwa akiniita mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, na mimi nikimjibu kwamba zamu ya kupika ni yake. Siku hiyo nilipofika nyumbani aliniambia, “Mwalimu, chakula chako kiko pale.” Nikajua nimekwisha.

Siku tatu nikawa mwalimu tu. Kule mtoni wanawake walimtania, “Mmepika nini leo, na mbegu zilikwenda na maji?” Hatimaye nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia ile ni hadithi tu, nilitaka watu waone babu alivyompenda.

“Nilikaa na mume wangu zaidi ya miaka arobaini,” akasema. “Hakuna aliyewahi kumwita mjinga. Wewe umemmaliza kwa Jumatano moja.”

“Lakini Bibi, alikuchagua wewe!”

“Alinichagua kwa kuwaua ndugu zangu kwa njaa? Hicho kitabu hakisomwi, mimi ningali hai.”

Nikatoka nje na hasira zangu, nikawalaumu wanawake wasiojua fasihi. Mimi ni mtu wa hasira, lakini hasira zangu hazijui kukaa, na zilipoondoka zikaniacha na haya. Nilikuwa nimekula mpunga wa mzee yule tangu nilipoota meno, na kumbe sikujua alikuwa mtu wa namna gani. Tena zilibaki siku kumi tu kabla ya sikukuu.

Asubuhi yake nikamfuata bibi shambani. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na bibi alikuwa anaamia ndege, amekaa juu ya dungu lake la miti, anawarushia madonge ya tope kwa kombeo na kuwatukana mmoja mmoja. Nikapanda na daftari jipya. Nikasema, “Bibi, nimekuja kuuliza nilichopaswa kuuliza mwanzo. Ilikuwaje?”

Akanipa kombeo. “Fukuza ndege kwanza.”

Nilirusha tope mpaka bega likawaka moto. Jua lilipokuwa juu ya vichwa vyetu akasema, “Haya, mke mwenza, andika.”

Watu wa kwao walikuwa wamekwisha kuhamia mwinuko, na yeye alirudi kufuata kuku. Maji yakamkatia njia, akapanda mkuyu. Tawi alilolikalia alilikuta lina nyoka. “Niliomba Mungu, ndiyo,” akasema, “lakini niliomba macho wazi.”

Babu alitokea mchana, si jua likizama. Alikuwa ametoka kuopoa kanda la mbegu kwenye uchaga juu ya meko, mbegu za nyumba zote za ukoo, na maji yalibakiza vidole viwili yaingie mtumbwini. Akamtazama bibi, akalitazama kanda. Akasema, “Ngoja.” Akaenda zake.

“Alikuacha?”

“Aliniacha. Nilimtukana mpaka akapotea machoni.”

Alisukuma mtumbwi kwa upondo mpaka kwenye mwinuko wa karibu zaidi, ambako Waorma walikuwa wamekimbiza ng'ombe wao. Kanda akamkabidhi mfugaji mmoja asiyemjua hata jina. Nikauliza kwa nini yule. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. “Siku zile Waorma hawakuwa wakila wali. Kitu chako mwachie asiyekijua utamu wake.” Na kweli, walirudishiwa kanda halijapungua punje.

Babu alirudi kesho yake, upondo umevunjika, anapiga kasia kwa ubao wa mlango, viganja vimechubuka. Bibi alisema alipoviona viganja vile, matusi yote yaliyobaki yakamwishia.

“Andika hivyo,” akaniambia. “Na yule shangazi mshushe mtini. Hakuwapo.”

Niliandika siku nne. Mchungaji akauliza shangazi amekwenda wapi, na bibi akamjibu mwenyewe kwamba aliyekesha naye mtini ni nyoka, tena walistahiana. Siku ya mavuno nikasimama kanisani, nikasoma. Nilipofika pale kijana anaposema “Ngoja” na kuondoka na kanda, akimwacha mpenzi wake mtini, akina mama walipiga vigelegele hata nikashindwa kuendelea. Wa Ndera walisimama. Sijawahi kuandika mapenzi yaliyoshangiliwa namna ile, na nimeandika vitabu vingine kadhaa tangu siku hiyo. Bibi alikaa mstari wa mbele, ameinua kidevu, anapokea macho ya watu kama anapokea mahari.

Baadaye tulikula pamoja uani mwa kanisa, sinia moja la wali. Lilikuwapo swali ambalo sikuthubutu kuliuliza siku zote zile.

“Bibi, usiku ule mtini, ulijua atarudi?”

“Sikujua.”

“Na asingerudi?”

Akamega tonge, akalikandakanda polepole, akanitia mdomoni kama mtoto.

“Wali huu ungekuwapo vile vile,” akasema. “Wewe tu ndiye usingekuwapo kuula.”