Ukuta Uliojua Hesabu

Juzi nilirudi Subukia kumwona nyanya, nikakuta shule yetu imegeuka stoo ya maziwa. Chumba ni kile kile kimoja, ila kuta za udongo zimepigwa plasta, na palipokuwa na madawati pamejaa mitungi. Anayepima maziwa ni jirani yetu, aliyekuwa darasa la tatu nilipokuwa la kwanza. Nilisimama mlangoni nikajikuta nacheka peke yangu. Ngoja nikueleze.

Madarasa yalikuwa matatu, mwalimu mmoja. Ili tusivurugane, kila darasa lilitazama ukuta wake: la kwanza upande wa mlango, la pili upande wa shamba la mahindi, la tatu upande wa dirisha. Kwetu mtoto hakupanda darasa, aligeuziwa ukuta mwingine. "Nyinyi bado mnatazama mlango!" wakubwa walitucheka. Ijumaa tulisiriba sakafu kwa samadi ya ng'ombe, kisha tukachomoa viazi kwenye majivu ya moto wa uji na kuvila na maganda yake, vidole vikiungua. Kosa kubwa lilikuwa moja tu: kujibu swali la ukuta mwingine.

Halafu akaja inspekta wa shule. Kila mzazi alijua kwamba darasa la tatu likishindwa, shule inafungwa, na sisi tutapelekwa shule kubwa ng'ambo ya mto, mto usiovukika mvua ikinyesha. Nyanya, aliyeukanyaga udongo wa kuta zile kwa miguu yake mwenyewe, alikuja akasimama nje ya dirisha, mikono kifuani.

Inspekta alimnyooshea kidole jirani yetu. "Tisa mara saba?"

Jirani alitazama dirisha, nyanya akamtazama yeye.

Mimi hesabu hizo niliwasikia darasa la tatu wakiziimba kila asubuhi nyuma ya kisogo changu. Jibu lilinitoka nikiwa bado natazama mlango: "Sitini na tatu!"

"Nani huyo?"

Mwalimu akawahi kujibu. "Ni ukuta, bwana inspekta."

"Ukuta?"

"Umesikia hesabu siku nyingi."

Inspekta alikuja polepole akasimama mbele yetu sisi wadogo. "Haya, ukuta. Nane mara saba?"

Darasa zima la kwanza, na kamasi zao, likalipuka: "Hamsini na sita!"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Sasa shule yenye ukuta kama huu nitaifungaje?" Nje, nyanya akapiga vigelegele vilivyowatimua kuku.

Siku hizi daraja lipo, na huko ng'ambo kila darasa lina chumba chake. Nafurahi, kweli. Ila nawahurumia kidogo wale wadogo: hakuna anayewaimbia hesabu za wakubwa nyuma ya kisogo.

Kabla ya kuondoka nilinong'ona kuelekea dirishani, "Tisa mara saba?"

"Sitini na tatu!" jirani akajibu bila kuinua macho kwenye mizani. "Na wachana na mimi, bana! Hata siku ile nilijua. Ni vile nyanya yako alikuwa ananiangalia."